Umenunua laptopu mpya: je, ilistahili? Na waranti ya nyongeza uilipie?

Leo tunaweka pembeni viwavijeshi na mbegu, tuzungumze kuhusu kifaa ambacho nimeulizwa sana tangu watu waanze kuniona nacho mgongoni kwenye pikipiki: laptopu.

Nimenunua laptopu mpya kwa shilingi 1,150,000. Fedha hiyo ilitoka kwenye kikoba tulipovunja, na nyumbani ilikuwa imeshapangiwa bati za nyumba. Mume wangu hakugomba. Aliuliza swali moja tu: "Mama, hiyo kitu itatuingizia nini?" Hapohapo muuzaji naye alikuwa na lake. Mtengenezaji anatoa waranti ya mwaka mmoja, na nikiongeza 180,000 ndani ya siku 30 napata miaka miwili zaidi.

Kwa hiyo nilikuwa na maswali mawili ya kujibu, na si la kwangu peke yangu. Mama mmoja mwenye duka la pembejeo hapa Lugoba ameniuliza, "Bibi shamba, na mimi ninunue?" Viongozi wa kikundi cha wafugaji nao wameniuliza. Nimeona niweke hesabu yangu hadharani ili kila mmoja aweke namba zake.

Kwanza: laptopu yenyewe inastahili?

Usianze na bei. Anza na kazi. Chukua daftari na kwa miezi mitatu andika kila shilingi unayolipa kwa kazi ambayo laptopu ingeifanya: kuchapa barua, katiba ya kikundi, andiko la mradi, kujaza fomu za mtandaoni, na nauli ya kwenda kwenye hizo huduma.

Mimi niliandika. Mwezi wa kwanza nilitumia 38,000, wa pili 51,000, wa tatu 46,000. Jumla ni 135,000, yaani wastani wa 45,000 kwa mwezi. Ukiishia hapo utafurahi haraka. Subiri kwanza. Laptopu haitoi karatasi. Sina printa, kwa hiyo kuprinti na kutoa kopi nitaendelea kulipia, na hiyo ni kama 15,000 kila mwezi. Ninachookoa kweli ni 30,000.

Sasa gawanya: 1,150,000 kwa 30,000 unapata miezi 38. Hiyo ni miaka mitatu na miezi miwili ndipo laptopu ijilipe. Kwa kifaa ambacho kinaweza kuanza kuchoka baada ya miaka minne au mitano, hiyo si hesabu ya kujivunia.

Lakini nina kazi nyingine. Nina stashahada, na nimeomba kujiendelea na shahada kwa masomo ya mbali nikiwa kazini. Kazi za chuo ningezipeleka steshenari, zingeniongezea si chini ya 25,000 kwa mwezi. Nikiongeza hiyo, naokoa 55,000, na laptopu inajilipa kwa miezi 21. Jibu nililompa mume wangu ni hilo: nikisoma kweli, inastahili. Nikiiacha ikawa ya kuangalia tamthilia, bati zilikuwa bora.

Kipimo ninachokupa ni hiki. Gawanya bei kwa kile unachookoa au kuongeza kwa mwezi:

- Ikija chini ya miezi 24, nunua bila wasiwasi.
- Ikija kati ya 24 na 36, fikiria ya mtumba iliyo nzuri, au mnunue kama kikundi.
- Ikizidi 36, subiri. Simu yako ya sasa na daftari vinatosha.

Kwa mkulima wa ekari mbili tatu za mahindi, ufuta au muhogo, mara nyingi jibu litakuwa simu. Bei za soko, ujumbe wa mbolea ya ruzuku, picha ya mdudu ya kunitumia, vyote hivyo simu inafanya. Kwa mama wa duka la pembejeo hali ni tofauti kidogo. Yeye ana madeni ya wateja na dawa zenye tarehe ya kuisha muda. Kama kila mwezi anapoteza 50,000 kwa madeni yaliyosahaulika na chupa zilizopitwa na wakati, laptopu ingemlipa ndani ya miaka miwili. Ila nilimwambia ukweli: "Mama, wewe leo daftari la mauzo hujazi kila siku. Laptopu haitakujazia." Waswahili walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Anza na daftari la 2,000 kwa miezi mitatu. Ukiliweza hilo, laptopu itakusaidia. Ukishindwa daftari, laptopu itakushinda zaidi.

Ukinunua ya mtumba, angalia mambo manne

Laptopu za mtumba ni nyingi Kariakoo na bei yake inavutia. Usiuziwe mbuzi kwenye gunia.

1. Kizazi cha prosesa. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10. Windows 11 inataka, kwa Intel Core, kuanzia kizazi cha 8 kwenda juu. Mashine za kizazi cha 6 na 7 ndizo zinazouzwa rahisi sana, na sababu mojawapo ni hiyo.

2. Betri. Mwambie muuzaji aiwashe bila chaja. Kwenye Windows kuna amri ya kuandika, powercfg /batteryreport, inayotoa taarifa ya betri. Utaona namba mbili: uwezo wa betri ilipotengenezwa na uwezo wake wa sasa. Kama wa sasa ni nusu ya ule wa mwanzo, punguza bei au ondoka.

3. Hifadhi. Chagua yenye SSD. Diski ya zamani ina sahani inayozunguka ndani, na barabara zetu za vumbi juu ya bodaboda si rafiki yake. SSD haina kitu kinachozunguka.

4. Dhamana ya duka. Hata mwezi mmoja ni bora kuliko neno la mdomo. Iandikwe kwenye risiti.

Pili: waranti ya nyongeza

Hapa ndipo wengi wanalipa kwa woga. Muuzaji anasema, "Dada, ikiharibika je?" na wewe umeshatoa milioni, laki moja na themanini inaonekana ndogo. Ipime peke yake. Laki moja na themanini ni mbolea. Ni ada. Ni bati kadhaa.

Kwanza elewa waranti ni nini. Waranti ya mtengenezaji ya mwaka wa kwanza haina gharama ya ziada, imo ndani ya bei. Waranti ya nyongeza ni kama bima: unalipa leo kwa ajili ya jambo ambalo huenda lisitokee. Anayekuuzia amepiga hesabu kwamba kwa watu wengi, fedha zinazoingia zitazidi zinazotoka. Si dhambi, ndiyo biashara. Swali ni kama wewe unahitaji kununua utulivu huo kwa bei hiyo.

Mwaka 2009 kampuni ya Marekani iitwayo SquareTrade ilitoa uchambuzi wa laptopu zipatazo 30,000. Ilisema ndani ya miaka mitatu karibu theluthi moja hupata tatizo: takriban 20 kati ya 100 kwa hitilafu za mashine yenyewe, na takriban 10 kati ya 100 kwa ajali kama kuanguka au kumwagikiwa maji. Kumbuka mambo mawili: uchambuzi ni wa zamani, na kampuni hiyo yenyewe inauza waranti. Kwa hiyo haikuwa na sababu ya kupunguza ukubwa wa hatari. Tuchukue namba zake hivyohivyo.

Weka watu 100 wa Lugoba, kila mmoja analipa 180,000. Jumla ni 18,000,000. Kati yao, 20 wanaharibikiwa na mashine. Nimeuliza mafundi watatu, wawili Kariakoo na mmoja Chalinze. Kibodi walinitajia 60,000 hadi 90,000, betri 90,000 hadi 130,000, kioo 180,000 hadi 250,000, na ubao mama ndio ghali, kama 350,000. Tuseme wote 20 wameharibikiwa ubao mama. 350,000 mara 20 ni 7,000,000. Wamelipa milioni 18, wametibiwa kwa milioni 7. Na hapo nimewahesabia hata walioharibikiwa mwaka wa kwanza, ambao waranti ya bure ingewatibu.

Igeuze upande wa pili: ili fedha zirudi sawa, kila uharibifu ungepaswa kugharimu 900,000. Hiyo ni karibu bei ya laptopu nyingine.

Na wale 10 wa ajali? Soma karatasi. Waranti niliyopewa mimi inasema haihusu maji, kuanguka, hitilafu ya umeme, wadudu, wala mashine iliyofunguliwa na fundi mwingine. Betri na chaja navyo havimo. Sasa jiulize, kwetu hapa laptopu inakufa na nini? Umeme unaokatika na kurudi kwa nguvu. Vumbi, na sisi wa Lugoba tunaishi na machimbo ya kokoto. Sisimizi na mende wanaopenda joto. Chai juu ya meza. Karibu kila kinachotusumbua sisi kimeandikwa kwenye orodha ya visivyohusika.

Halafu kuna umbali. Ukarabati unafanyika Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 100. Kupeleka na kufuata ni safari mbili za kwenda na kurudi, na siku mbili nje ya kazi. Karatasi haisemi nani analipa nauli, maana yake unalipa wewe.

Si sisi tu tunaojiuliza haya. Uingereza serikali ilichunguza biashara hii ya waranti za nyongeza kwa vifaa vya umeme vya nyumbani, na kuanzia 2005 ikaweka kanuni: bei ya waranti ionyeshwe wazi kando ya bei ya bidhaa, na mnunuzi apewe siku 45 za kughairi na kurudishiwa fedha. Wenye maduka makubwa na sheria kali waliona mnunuzi anabanwa akiwa kaunta. Sisi tuwe makini zaidi.

Maswali saba kabla hujalipa

Muulize muuzaji, na majibu yawe kwenye maandishi:

1. Nani anatoa waranti hii: mtengenezaji, kampuni ya bima, au duka? Kama ni duka, likifungwa nitamwona nani?
2. Inaanza lini? Ikianza leo, mwaka wa kwanza unalipia kitu ambacho tayari unacho.
3. Haihusu nini? Soma sehemu hii kabla ya zile nzuri.
4. Inahusu ajali na umeme? Kama ndiyo, thamani yake inapanda sana.
5. Inatengenezwa wapi, na nani anagharamia usafiri?
6. Itachukua siku ngapi, na nikisubiri napewa mashine ya muda?
7. Ikishindikana kutengenezeka, narudishiwa fedha, napewa nyingine, au nalipwa kwa thamani ya siku hiyo?

Swali la tatu na la tano ndiyo yaliyoamua kwangu.

Nani alipie, nani asilipie

Lipia kama waranti inahusu ajali na umeme, kama kazi yako yote imelala juu ya mashine hiyo moja (mfano steshenari, ambako ikisimama wiki unalala njaa), au kama ni ya kikundi au AMCOS. Mali ya wengi ikiharibika, kuchangishana huleta maneno, na bora gharama ijulikane mapema kwenye bajeti. Lipia pia kama bei yake ni ndogo. Kipimo changu ni asilimia 5 hadi 7 ya bei ya laptopu. Yangu ilikuwa karibu asilimia 16.

Usilipie kama unaweza kukaa wiki mbili bila laptopu, kama laki tatu ya ghafla itakuuma lakini haitakuangusha, na kama karatasi imeondoa vitu vilevile unavyoviogopa. Bima ni ya kile kitakachokuzamisha. Bima ya afya ya familia isikatwe kwa ajili ya waranti ya laptopu.

Nilichoamua mimi

Sikuilipia. Lakini ile 180,000 sikuila. Shilingi 25,000 nimenunua kinga ya umeme, ile tunayoiita gadi, inayosubiri umeme utulie kabla ya kuuruhusu. Shilingi 15,000 nimenunua flashi. Iliyobaki, 140,000, nimeiweka kwenye laini ya pili ya simu na jina lake ni "laptopu". Miaka mitatu ikipita salama, hiyo ni betri mpya na chenji inabaki.

Nikiwa mmoja wa wale 20 na ubao mama ukafa mwezi wa kumi na nne, 140,000 haitatosha. Nitaongeza 210,000 kutoka mfukoni na itauma. Nimekubali hatari hiyo nikiwa naijua. Mume wangu naye anaijua, na tumekubaliana bati zinaanza kununuliwa kidogokidogo kuanzia kikoba kijacho.

Waranti hairudishi kazi yako

Hili ndilo ningependa ulibebe hata ukisahau mengine yote. Waranti bora duniani inakurudishia mashine. Hairudishi daftari la wadeni, katiba ya kikundi wala orodha ya wakulima. Kila Ijumaa nakili kazi zako kwenye flashi, na flashi isikae begi moja na laptopu. Ukiwa na bando, weka nakala nyingine mtandaoni.

Na kama una taarifa za watu wengine, kama mimi nilivyo na majina na simu za wakulima, weka neno la siri. Laptopu ikienda kwa fundi, taarifa hizo zinaenda nayo. Tangu Mei 2023 Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inatumika nchini, na hata bila sheria, mkulima alikupa namba yake kwa kukuamini.

Siku ya kununua na wiki ya kwanza

- Dai risiti ya EFD na hakikisha namba ya mashine (serial) imeandikwa. Wino wa risiti hizi hufifia ukikaa kwenye joto, kwa hiyo itoe kopi na ipige picha siku hiyohiyo.
- Ingiza namba hiyo kwenye tovuti ya mtengenezaji uone waranti yako inaisha lini kweli. HP, Dell na Lenovo zote zina ukurasa wa kuangalia. Mara nyingine utakuta miezi imeshaanza kuliwa dukani.
- Wiki ya kwanza itumie sana: washa saa nyingi, bonyeza kila kitufe, jaribu kamera, sauti, matundu yote ya USB. Kasoro ya kiwandani uikute wakati muuzaji bado anakukumbuka.
- Usiiweke juu ya godoro ikiwa inawaka, inaziba hewa. Usiipulize kwa kompresa ya kujazia upepo matairi.
- Ikileta shida, anza na muuzaji, kwa maandishi. Yale maneno "mali ikishauzwa hairudishwi" yasikunyamazishe. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa na Sheria ya Ushindani ya 2003 zinamtambua mnunuzi aliyeuziwa kitu kibovu, na Tume ya Ushindani (FCC) imepewa kazi ya kumlinda mlaji.

Mama wa pembejeo ameshaanza daftari. Wiki iliyopita alinionyesha kurasa za siku kumi na moja, na ameshagundua wateja wanne waliokuwa wamesahaulika. Nimemwambia aendelee hadi miezi mitatu itimie, ndipo tukae na kikokotoo. Wewe nawe fanya hivyo kabla hujapanda gari kwenda Kariakoo.

Makala ijayo tutarudi shambani: namna ya kukausha na kuhifadhi mahindi yasipate sumukuvu.